Popapu kwenye Win32 kwa lugha ya C: kufungua dirisha dogo bila kuvuruga programu nzima

Habari wadau. Kuna ghala moja la mahindi kule Kibaigwa niliwatengenezea programu ya kurekodi mzigo, gari linaingia, gunia zinapandishwa kwenye mizani, karani anaandika kilo, jioni bosi anapata jumla yake. Niliandika kwa C na Win32 tupu (fanksheni za Windows yenyewe, bila maktaba nyingine) manake kompyuta waliyonayo ni ya zamani, RAM 2GB, na C inatembea humo bila shida. Sasa nikaweka taima ya kila sekunde 30 ikague kama bakapu ya leo imeshafanyika, kama bado itoe popapu ya kukumbusha. Karani akaenda kunywa chai dakika kama 20 hivi, anarudi anakuta popapu karibu 40 zimepandana, akanipigia simu akijua kompyuta imeingiwa na virusi, na huku magari yapo nje yanasubiri kupimwa.

Kosa lilikuwa langu, na nikaja kugundua sikuwa naelewa popapu ni kitu gani hasa. Kwa hiyo naandika hatua nilizopitia ili mwingine asije akamkwamisha karani wa watu.

Hatua ya 1: elewa foleni ya meseji

Windows haiiti fanksheni zako moja kwa moja mtu akibonyeza batani. Inaweka meseji kwenye foleni, we unazichukua moja moja afu unazipeleka kwa WndProc ya dirisha husika, yaani ile fanksheni yako inayopokea meseji za dirisha hilo:

```
MSG m;
while (GetMessageW(&m, NULL, 0, 0) > 0) {
    TranslateMessage(&m);
    DispatchMessageW(&m);
}
```

Hiyo `> 0` usiiache. GetMessage inarudisha 0 ikikutana na WM_QUIT (meseji ya kumaliza programu) ila inarudisha -1 ikipata hitilafu, na kwenye lugha ya C namba -1 inahesabika kama kweli (true), kwa hiyo ukiandika `while (GetMessageW(...))` tu unaweza kuzunguka humo milele.

Na ukifanya kazi ndefu ndani ya WndProc, tuseme kusoma faili kubwa, foleni inasimama na dirisha linaganda. Hapo hakuna popapu itakayokuokoa.

Hatua ya 2: anza na MessageBox

MessageBox ni popapu ambayo Windows imeshakutengenezea. Kwa swali la ndiyo au hapana usijisumbue kutengeneza dirisha lako. Mfano mtu anafunga programu na mzigo haujahifadhiwa:

```
case WM_CLOSE:
    if (MessageBoxW(hwnd,
        L"Mzigo wa leo haujahifadhiwa. Ufunge hivyo hivyo?",
        L"Kufunga",
        MB_YESNO | MB_ICONWARNING | MB_DEFBUTTON2) == IDYES)
        DestroyWindow(hwnd);
    return 0;
```

Angalia vitu vitatu hapo. Cha kwanza ni `hwnd` (kitambulisho cha dirisha kubwa) mwanzoni, wengi wanaweka NULL. Ukiweka NULL popapu inakuwa haina mama (dirisha linaloimiliki), dirisha kubwa linaendelea kubonyezeka, na popapu inaweza kujificha nyuma yake mtu akadhani programu imestaki. Cha pili MB_DEFBUTTON2, inafanya batani ya Hapana ndo iwe imechaguliwa, manake karani anabonyeza Enter siku nzima kama kinanda, akikutana na swali atalijibu kwa Enter kabla hata hajalisoma. Cha tatu `return 0`. Ukiiacha meseji ifike kwa DefWindowProc (fanksheni ya Windows ya kushughulikia meseji ambazo we hujazishughulikia), yenyewe kazi yake kwa WM_CLOSE ni kuua dirisha, basi hata aliyejibu Hapana anafungiwa.

Hatua ya 3: popapu yako mwenyewe

Mimi nilitaka dirisha dogo la kuingiza kilo. Unasajili klasi yake kwa RegisterClassExW kama ulivyosajili dirisha kubwa, ila iwe na WndProc yake, afu:

```
RECT r;
GetWindowRect(mama, &r);
HWND p = CreateWindowExW(WS_EX_DLGMODALFRAME,
    L"DirishaKilo", L"Ingiza kilo",
    WS_POPUP | WS_CAPTION | WS_SYSMENU,
    r.left + 80, r.top + 80, 320, 160,
    mama, NULL, hInst, NULL);
EnableWindow(mama, FALSE);
ShowWindow(p, SW_SHOW);
```

Usitumie CW_USEDEFAULT hapa. Hiyo ni ya madirisha ya kawaida tu, kwenye WS_POPUP inageuka sifuri, upana sifuri na urefu sifuri, utatafuta dirisha lako mpaka uchoke na kumbe lipo, ila halina ukubwa.

Ukishampa mama, popapu itakaa juu yake muda wote, mama akishushwa chini nayo inajificha, mama akifa nayo inakufa. Hayo yote Windows inakufanyia bure. Na `EnableWindow(mama, FALSE)` ndo inayozuia mtu kubonyeza nyuma.

Hatua ya 4: kufunga kwa mpangilio

Hapa ndo wengi wanaumia. Mfungulie mama KWANZA ndo uue popapu:

```
case WM_CLOSE:
    EnableWindow(GetWindow(hwnd, GW_OWNER), TRUE);
    DestroyWindow(hwnd);
    return 0;
```

Ukigeuza, popapu inakufa wakati mama bado amefungwa, Windows inatafuta dirisha lingine la kulipa nafasi, inaweza kuleta mbele programu nyingine kabisa na yako ikaenda nyuma. Karani anakwambia "programu inajifunga yenyewe" kumbe imejificha.

Na tafadhali PostQuitMessage ibaki kwenye WM_DESTROY ya dirisha kubwa peke yake. Ukiinakili kwenye popapu, siku mtu akifunga kadirisha ka kilo programu yote inaondoka na mzigo wake.

Hatua ya 5: Tab na Enter

Dirisha ulilotengeneza mwenyewe halijui Tab. Weka hii kwenye kitanzi cha hatua ya 1, kabla ya TranslateMessage:

```
if (hPopapu && IsDialogMessageW(hPopapu, &m)) continue;
```

`hPopapu` ni variabo ya globo, ipe ile `p` ya hatua ya 3 popapu ikifunguka, irudishe NULL popapu ikifa. Batani ya kuhifadhi ipe namba IDOK, ya kuacha IDCANCEL, vitu vyote viwe na WS_TABSTOP, basi Enter na Esc vitakuja kama WM_COMMAND zenye namba hizo. Mtu anayepima gunia mia kwa siku hataki kushika mausi.

Hatua ya 6: kurudisha kilo kwa mama

Tengeneza meseji yako, mfano `#define WM_KILO (WM_APP + 1)`, afu popapu itume:

```
PostMessageW(mama, WM_KILO, (WPARAM)gramu, 0);
```

Natuma gramu kama namba nzima, sitaki desimali humo. Usitume pointa (anwani ya kwenye memori) ya kitu kilicho ndani ya fanksheni yako, manake PostMessage inaweka kwenye foleni na kurudi palepale, mama akija kuisoma kile kitu hakipo tena. SendMessage yenyewe inasubiri mpaka ijibiwe.

Mizani ikiwa imechomekwa kwenye poti ya COM na unaisoma kwa thredi ya pembeni (kazi inayoendeshwa sambamba na dirisha), thredi hiyo isifungue madirisha, itume PostMessage tu. Ukitumia SendMessage na wakati huo dirisha kubwa limekaa kwenye WaitForSingleObject likisubiri thredi iishe, wote wawili wanasubiriana na hakuna atakayetoka.

Hatua ya 7: zile popapu 40

MessageBox ikifunguka inaendesha kitanzi chake cha meseji humo ndani. Mausi na kibodi ya mama vinazuiwa, ila WM_TIMER (meseji ya taima) inaendelea kuja kama kawaida, na kila ikija inafungua MessageBox nyingine ndani ya ile ya kwanza. Dakika 20 kwa kila sekunde 30, hesabu yake ndo hiyo 40. Dawa:

```
case WM_TIMER: {
    static BOOL ipo = FALSE;
    if (ipo) return 0;
    ipo = TRUE;
    KillTimer(hwnd, 1);
    MessageBoxW(hwnd, L"Bakapu ya leo bado.",
        L"Kumbusho", MB_OK);
    SetTimer(hwnd, 1, 30000, NULL);
    ipo = FALSE;
    return 0;
}
```

KillTimer haifuti WM_TIMER ambayo ilishaingia kwenye foleni, ndo maana nimeweka na `ipo`, usitegemee kimoja.

Kompaili kwa MinGW (kompaila ya gcc ya Windows): `gcc ghala.c -o ghala.exe -mwindows`. Afu jaribu kwa kuiacha popapu wazi nusu saa bila kuigusa, mi sikufanya hivo mwanzo, nilikuwa naifunga haraka haraka kila ikitokea ndo maana sikuona kitu.

Kule Kibaigwa mwishowe kumbusho la bakapu nililitoa kwenye popapu kabisa, sasa hivi ni maandishi mekundu chini ya dirisha, na popapu zimebaki kwenye kuingiza kilo, kufuta na kufunga basi.