Kadi ya kwanza ya mkopo ukiwa mwanafunzi Marekani: panga majina yako kwanza

Oktoba niliomba kadi tatu ndani ya wiki moja, zote zikakataliwa. Sikuwa nadaiwa na mtu. Kazi ya maktaba ya chuo nilikuwa nayo, na benki hela zilikuwepo. Kilichoniangusha ni majina yangu mwenyewe, na kimenipotezea miezi minne.

Tuanze na namba ya Social Security, namba ya utambulisho ya serikali ya Marekani. Ukiwa na viza ya F-1, ile ya wanafunzi, hupewi kwa sababu tu unasoma, lazima uwe na kazi halali, na ya chuoni ndiyo nyepesi kupata. Unahitaji barua mbili, moja ya bosi wako na nyingine ya ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Mimi nilienda ofisi ya Social Security na moja, nikarudishwa. Beba pasipoti, I-20 (fomu unayopewa na chuo) na I-94 (rekodi ya kuingia nchini), na pasipoti iwe yenyewe, fotokopi hawaitaki. Usiende kabla ya siku 10 tangu uingie nchini, kwani taarifa zako za uhamiaji huchelewa kufika kwenye mfumo wao. Huduma ni bure. Foleni ni ileile ya NIDA, tofauti ni kwamba huku unaisubiri umekaa.

Sasa majina. Sisi tumezoea matatu: langu, la baba, la babu. Kwenye pasipoti yangu la babu limekaa peke yake kama jina la ukoo, mawili ya mwanzo yamewekwa pamoja, na Social Security wakanakili hivyohivyo. Lakini akaunti ya benki niliifungua wiki ya kwanza, usingizi wa ndege haujanitoka. Kijana wa kaunta akauliza jina la kwanza na la mwisho, nikamjibu kama nilivyoitwa tangu darasa la kwanza: langu na la baba. Akaandika. Kuanzia hapo Marekani ikawa na mimi wawili.

Ukiomba kadi mtandaoni, kwa kawaida ni kompyuta inayoamua. Inalinganisha jina, namba, tarehe ya kuzaliwa na anwani, na visipokubaliana inakukatalia kabla hujamaliza chai. Sheria inazitaka kampuni za kadi zikujulishe uamuzi ndani ya siku 30, na zikikataa una haki ya kujua sababu. Barua ya kukataliwa isome. Ya kwanza niliitupa kwa hasira, ya pili sikuifungua. Nikapiga simu kwa huduma kwa wateja, dada mmoja mpole sana akanishauri nijaribu tena baada ya miezi kadhaa, kisha akanitakia siku njema mara tatu. Nikasubiri kweli! Februari ndipo nilipoisoma ile barua ya tatu: hatukuweza kuthibitisha utambulisho wako. Mambo ya kipato hayakutajwa popote. Nikaenda benki na pasipoti na kadi ya Social Security, wakarekebisha jina kwa dakika 15.

Kwa hiyo kabla ya kuomba chochote, panga mezani pasipoti, kadi ya Social Security, taarifa ya benki na mkataba wa kazi, uvisome herufi kwa herufi. Na usiombe kadi kama unavyotupa nyavu. Ombi likisababisha faili lako la mikopo, yaani kumbukumbu ya unavyokopa na kulipa, kukaguliwa, ukaguzi huo unabaki humo miaka 2. Kampuni nyingi zina ukurasa wa kupima kama unaelekea kukubaliwa bila kugusa faili. Anzia hapo.

Kuchagua kadi si kazi kubwa. Discover na Capital One wana kadi za wanafunzi zisizodai amana. Zikikugomea, chukua kadi ya dhamana: unaweka amana, mara nyingi dola 200, ndiyo inakuwa kikomo chako, na unarudishiwa ukifunga kadi bila deni. Hakikisha haina ada ya mwaka, haikati chochote ukiitumia nyumbani likizo, na inaripoti kwa Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu zinazotunza mafaili hayo ya mikopo. Habari za pointi na zawadi achana nazo kwanza.

Kwenye kipato, kama hujafika miaka 21, sheria ya 2009 inataka uwezo wako mwenyewe wa kulipa. Andika mshahara wako na hela ya skolashipu inayobaki mkononi. Mshahara wa baba kule Mbeya uache Mbeya.

Kadi ikifika, washa malipo ya moja kwa moja na uchague deni lote, maana kuna pia chaguo la kiwango cha chini, na hapo ndipo riba inapopata pa kukulia. Kitabu cha dola 150 kwenye kikomo cha dola 200 ni asilimia 75, matumizi makubwa machoni pa wakopeshaji, na kwa kawaida kinachoripotiwa ni deni la siku ya kufunga hesabu ya mwezi. Lipa kabla ya siku hiyo. Kwenye ATM usiitoe kabisa, riba ya fedha taslimu huanza kuhesabiwa siku ileile.

Alama ya FICO, ile inayowaonyesha wakopeshaji unaaminika kiasi gani, inahitaji akaunti yenye angalau miezi 6, kwa hiyo usihangaike kuitafuta mwezi wa pili. Na ukihama bweni, badilisha anwani kwanza. Kadi yangu ilitumwa chumba cha zamani, nikaikuta kwa mvulana wa Nebraska aliyekuwa ameigeuza alama ya kurasa.