Taa za pikapu: anza na waya, spotilaiti baadaye

Wanaoniletea pikapu hapa Nyakato, Mwanza, huwa wameshanunua taa. Zimo kwenye mfuko, dereva anataka zifungwe kabla ya jioni kwa sababu usiku anapeleka mzigo Bunda. Mimi nauliza kwanza habari za zile zilizokuja na gari. "Zimefifia tu, fundi." Basi mfuko unasubiri, nachukua mita ya kupimia volti.

Washa injini, weka fulu, yaani mwanga wa mbali, kisha pima kwenye vichwa vya betri. Altaneta, ile inayochaji betri, ikiwa nzima utasoma kati ya volti 13.8 na 14.4. Halafu pima nyuma ya soketi ya globu ikiwa imechomekwa na inawaka. Ukiichomoa mita itakudanganya, maana hapo hakuna umeme unaotembea. Kwenye Hilux za zamani si ajabu kukuta volti 12 au pungufu. Zilizobaki zimeishia njiani: mzunguko wa umeme kutoka kwenye betri unapitia ndani kwenye swichi ya usukani, kwa waya mwembamba uliokaangwa na joto la injini miaka nenda rudi. Na globu ya halojeni haina subira. Ikikosa asilimia 10 ya volti, mwanga wake unapungua kwa karibu asilimia 30.

Dawa yake ni rilei, yaani swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa: moja ya fulu na moja ya dimu (mwanga wa karibu), zile za pini nne. Pini 30 inachukua chanya ya betri kupitia fyuzi, 87 inapeleka kwenye globu, na 85 na 86 ndizo za kuiamsha. Waya wa zamani unabaki na kazi nyepesi ya kuamsha rilei, mzigo wenyewe unapita kwenye waya mpya. Globu mbili za H4, zenye uzi wa fulu na uzi wa dimu ndani ya globu moja, za wati 60/55 zikiwa fulu ni wati 120. Gawa kwa 12 upate ampea 10. Weka fyuzi ya 15 na waya wa milimita za mraba 2.5. Fyuzi ikae karibu na betri, umbali wa kiganja, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Kikisuguana na bodi, hicho ndicho kinachowasha moto.

Hapo kwenye 85 na 86 ndipo Toyota inapowachezesha mafundi. Kwenye Toyota nyingi za zamani, Hilux na Land Cruiser zikiwemo, swichi ya taa inakata upande wa hasi. Soketi ya H4 ina pini tatu: moja inapata chanya ukiwasha taa, mbili zinasubiri hasi, ya fulu na ya dimu. Fundi aliyezoea magari mengine, akifunga rilei ya spotilaiti, anapeleka 85 kwenye bodi na 86 kwenye waya wa fulu, kisha anaona kioja: dereva akiweka dimu spotilaiti zinawaka, akiweka fulu zinazima. Rilei si mbovu. Ukiwa kwenye dimu, waya ule wa fulu unapata chanya kupitia ndani ya globu. Ukiweka fulu unageuka hasi na rilei inaachia. Kwa hiyo chomoa soketi, washa taa za gari, chukua taa ya kupima, bana mkia wake kwenye bodi, gusa pini moja moja. Inayowasha taa yako ndiyo ya chanya. Hiyo ipeleke 86, na waya wa fulu uende 85. Kwenye globu zenyewe, ile pini ya pamoja sasa unaifunga kwenye bodi, halafu 87 za rilei zinalisha fulu na dimu.

Madereva wengi wakiona matokeo hapo hawazikumbuki tena zile taa za kwenye mfuko. Anayezikumbuka, tufungue tuone.

Mara nyingi ninachokuta ni taa ya mtumbwi. Wavuvi wa dagaa wameacha karabai kwa wingi na kuhamia taa za LED, kwa hiyo zimejaa madukani, bei nafuu, na zinawaka kweli kweli. Anayebeba dagaa kutoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba anaziona kila siku, anajiuliza kwa nini asijifungie mbili. Taa ile imetengenezwa kumwaga mwanga pande zote juu ya maji ili dagaa wakusanyike. Kwenye bampa inamulika vumbi, boneti, wadudu wa ziwani, na macho ya dereva anayekuja.

Kinachotakiwa ni taa ya mwanga mwembamba wa kwenda mbali. Barabara ya Magu kwenda Lamadi ina ng'ombe, baiskeli, mikokoteni isiyo na taa ya nyuma. Dimu nzuri inakuonyesha mita 50 au 60 hivi. Ukiwa kwenye mwendo wa 80 unakula mita 22 kila sekunde, kwa hiyo breki na ng'ombe vinakutana pamoja. Taa mbili za wati 55 zinatosha, zifungwe kwenye bampa au ngao bila kuziba rejeta. Juu ya kabini sishauri; mwanga unagonga boneti na kukurudia machoni.

Rilei ya spotilaiti iamshwe na waya wa fulu, pamoja na swichi ndogo kwenye dashibodi ya kuzizima kabisa ukiwa mjini. Hivyo ukikutana na gari na kushusha dimu, zote zinazima kwa mkono uleule. Zikifungwa moja kwa moja kwenye swichi yake, mkono utachelewa tu, na trafiki wa Usagara ana haki ya kukusimamisha.

Globu za LED ndani ya taa za halojeni sizipendi. Kioo cha H4 kimepigiwa hesabu kulingana na mahali uzi wa globu ulipo. Chanzo kikisogea, mwanga unatawanyika. Globu za wati 100/90 nazo zinayeyusha soketi. Kama kioo ni cha plastiki na kimekuwa cha njano, kipige msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, halafu polishi na dawa ya kuzuia jua. Dawa ya meno inadumu hadi mvua ijayo. Rangi ya fedha ya ndani ikishabanduka, nunua taa nyingine.

Kulenga kunafanyika usiku, mahali tambarare, gari likiwa mita 10 kutoka ukutani, upepo wa matairi sawa. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini. Mstari wa juu wa dimu uangukie ukutani sentimita 10 chini ya kimo hicho. Lakini pakia kwanza mzigo wako wa kawaida, kwa sababu pikapu ikijaa magunia ya dagaa inakaa kwa nyuma, pua inatazama mawinguni, na dimu yako inageuka fulu kwa wenzako. Angalia pia upande ambao mstari unapanda: sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo mstari unatakiwa kupanda kushoto. Ukikuta unapanda kulia, taa hizo zilitengenezwa kwa nchi za kuendesha kulia, na hakuna skrubu itakayozirekebisha.

Maungio yote yachomewe kwa risasi na kufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa moto. Waya wa kupindapinda na tepu unaota kutu upesi kwa unyevu huu wa ziwa. Waya unaopita kwenye tundu la bati uvalishwe raba. Baada ya safari ya kwanza ya barabara mbovu kaza nati za taa, kisha, taa zikiwa zimewaka robo saa, shika fyuzi na soketi ya rilei. Uvuguvugu hauna neno. Ikikuunguza mkono, kuna kiungo kimelegea; kitafute kabla hujafikiria fyuzi kubwa zaidi.