Wanga kidogo, daftari mkononi

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Ngamiani, Tanga, na huu ni mwaka wa sita tangu niambiwe nina kisukari aina ya pili. Nilipomweleza daktari wa kliniki kwamba nataka kupunguza ugali na wali, alikataa palepale. "Mama, bila wanga nguvu utatoa wapi? Kula dona." Sikubishana. Nilinunua mashine ya kupimia sukari na daftari dogo la shule.

Kabla ya kugusa sahani, angalia dawa zako. Naliweka hili mbele kwa sababu nusura linimalize. Nilikuwa nameza glibenklamaidi, kidonge kinacholisukuma kongosho litoe insulini hata kama hujala cha maana. Siku ya tatu ya kupunguza wanga, saa tano asubuhi, nakata kitambaa cha sare, mkasi ukaanza kucheza mkononi na jasho likanitiririka chini ya feni. Kupima: 3.1 mmol/L, sukari imeshuka mno. Nikakoroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, nikanywa, nikapima tena baada ya dakika 15 mpaka ikapita 4. Basi ukitumia dawa za namna hiyo au insulini, daktari akupangie dozi kwanza, hata kama unajua atanuna. Anayechoma insulini asiiache kwa hiari yake. Mjamzito, mwenye tatizo la figo, na anayemeza vidonge vya kutoa sukari kwa mkojo wasianze peke yao.

Wiki ya kwanza kula ulivyozoea, ila pima: kabla ya chakula, kisha masaa mawili tangu tonge la kwanza. Andika na ulichokula. Ukurasa wangu mmoja unasema hivi: ugali wa dona na dagaa, kabla 7.4, baada 14.2. Wiki mbili baadaye, dagaa walewale, bakuli zima la mchicha wa nazi, ugali matonge matatu tu: kabla 7.0, baada 8.9. Dona lina nyuzinyuzi kuliko sembe, kweli, lakini katika gramu 100 za unga wake, zaidi ya 70 ni wanga. Mwili wangu hauoni tofauti kubwa. Wako utauona mwenyewe kwenye daftari.

Sahani sasa naianzia upande wa mboga: matembele, kisamvu, bamia, kabichi, nusu nzima. Halafu kibua au changu, au mayai mawili, na kipande cha parachichi. Maharage nachota kidogo, nayo yana wanga. Asubuhi ni chai ya tangawizi isiyo na sukari. Vitumbua, mihogo ya kukaanga na juisi ya miwa nimeviacha kabisa. Kwangu juisi ndiyo iliyokuwa ikipandisha sukari kuliko kitu chochote. Kwenye shughuli naomba nyama na kachumbari, na pilau vijiko viwili ili mwenye shughuli asione nimemdharau. Mwezi wa Ramadhani ni mgumu zaidi, maana futari yetu ni muhogo, ndizi na viazi. Kwa anayemeza dawa, hata kufunga kwenyewe ni jambo la kumuuliza daktari kabla mwezi haujaandama.

Na lile swali la nguvu lina jibu. Ini hutengeneza sukari lenyewe, na mwili huchoma mafuta. Mwaka 2019 Chama cha Kisukari cha Marekani kiliandika kwamba kupunguza wanga ndiyo njia ya mlo yenye ushahidi mwingi zaidi katika kudhibiti sukari. Lakini daktari wangu hakubadilishwa na hayo. Nilimwekea daftari mezani, akalifungua polepole, akauliza, "Hapa ulikula nini?" Kipimo cha miezi mitatu (HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari) kilikuwa kimetoka asilimia 9.8 hadi 7.1. Alinipunguzia glibenklamaidi, baadaye akaifuta, metfomini, dawa yangu nyingine ya kisukari, akasema niendelee nayo.

Bado haamini kama nitaweza miaka yote. Ana wasiwasi na tui la nazi pia, ameniandikia vipimo vya kolesteroli na figo. Nimekubali, wasiwasi wake una msingi. Nakwenda Jumanne, na daftari la pili nimeshalijaza nusu.