Somo: Kulinganisha EMIT na EnMAP kabla ya kutafuta malakiti Lubumbashi

Ugomvi huu nimeusikia sana hapa mjini: picha ya EMIT (kihisi cha NASA kilicho angani) inaonyesha malakiti, yaani madini ya kijani ya shaba, ukingoni mwa mgodi, ya EnMAP (setilaiti ya Ujerumani) haionyeshi, basi kimoja kati ya vihisi hivi kinadanganya. Mara nyingi hakuna kinachodanganya. Tofauti imetoka kwa jua, hewa au hesabu yetu wenyewe, na hizo ndizo tuziondoe kwanza.

1. Chagua siku. Juni na Julai ndiyo miezi yangu: mvua imekwisha, na moshi wa kuchoma pori haujatanda kama wa Agosti na Septemba. EnMAP hupita kama saa tano asubuhi. EMIT imepachikwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, kwa hiyo saa yake hubadilika. Jozi ya siku moja ni adimu. Ukiikosa, tafuta siku za karibu ambazo pembe ya jua inakaribiana.

2. Chagua ardhi. Usiguse lile rundo jeusi la slagi (mabaki ya kuyeyusha shaba) kando ya bomba refu la moshi, hata kama linaonekana vizuri kuliko kitu kingine chochote mjini. Lina miteremko, na kivuli chake huhama na jua. Tafuta uwanja tambarare, mkavu, usio na nyasi, wenye angalau mita 300 kila upande, kisha uache kingo zake. Mwaka mmoja nilitumia picha mbili za Oktoba na nikapata tofauti ya asilimia 12. Nilikilaumu kihisi wiki nzima kabla ya kukumbuka kwamba mvua ya kwanza ilinyesha katikati ya siku hizo mbili. Udongo ukilowa, unakuwa mweusi.

3. Sawazisha vipimo. EMIT huandika mng'ao (mwanga unaofika kwenye kihisi) kwa mikrowati kwa sentimita mraba, EnMAP kwa wati kwa mita mraba. Zidisha namba za EMIT kwa 0.01, la sivyo zitakuwa kubwa mara 100.

4. Geuza mng'ao kuwa uakisi, yaani sehemu ya mwanga wa jua inayorudishwa juu. Zidisha mng'ao kwa pai na kwa mraba wa umbali wa jua, kisha gawanya kwa mwanga wa jua uliozidishwa na kosaini ya pembe ya jua kutoka utosini. Jedwali la mwanga wa jua liwe moja kwa vihisi vyote viwili! Ukitumia mawili, utapima tofauti ya majedwali.

5. Kutanisha bendi. Hapa ndipo wengi huteleza. Bendi, yaani vipande vyembamba vya mwanga ambavyo kihisi hupima kimoja kimoja, za EMIT zimeachana kama nanomita 7.4 mwanzo hadi mwisho. Za EnMAP ni kama 6.5 mwanzoni, halafu kama 10 mbele. Vitovu vyake havikutani. Kuchukua bendi iliyo karibu hakudhuru mstari ukiwa tambarare, lakini kwenye mteremko mkali, kama ule wa majani karibu na 720, nanomita 3 tu zinaleta kosa kubwa. Chukua wastani wa kila nanomita 20 kwa vihisi vyote viwili.

6. Pikseli: EnMAP ina mita 30, EMIT 60. Unganisha nne za EnMAP ziwe moja.

7. Gawanya EMIT kwa EnMAP, bendi kwa bendi, na uchore mstari wa uwiano. Uwiano wa 1 maana yake vihisi vinakubaliana.

Maswali ya wanachama

— Mwalimu, mimi niko na uwiano wa 0.6 kwa nanomita 1400. Nilikosea wapi?
Hukukosea, ndugu yangu. Mvuke wa maji umemeza mwanga. Unagawanya kelele kwa kelele. Futa hapo na karibu na 1900.

— Nitajuaje kama urefu wa mawimbi umehama?
Tazama 760, penye bonde la oksijeni, kabla ya kuchukua wastani wa hatua ya 5. Bonde hilo halihami. Uwiano ukipanda upande mmoja wake na kushuka upande wa pili, huenda kihisi kimoja kimeteleza.

— Kaka, uwiano wa hapa naweza kuupeleka Kolwezi?
Bado. Rudia kazi yote Gobabeb, jangwani Namibia, ambako vifaa hupima ardhi kila nusu saa mchana. Mstari ukifanana na wako, tofauti ni ya vihisi, uupeleke. Usipofanana, umepima hewa ya Lubumbashi.