Kabla ya Kurudisha Mawe ya Zamani Kwenye Tangi la Maji Chumvi

Jiwe lililokaa stoo likakauka si jiwe hai tena, yaani jiwe lenye bakteria wanaosafisha maji ya tangi, hata aliyekuuzia aliliitaje. Bakteria wamekufa, na sponji, minyoo na mwani vimekaukia ndani ya vitundu vyake. Ukilitumbukiza hivyohivyo, mizoga hiyo inaanza kuoza na amonia inapanda. Jiwe lililotoka leo kwenye tangi linalofanya kazi ni jambo jingine: lisafirishe ndani ya maji chumvi, usiliguse na maji ya bomba, kisha linuse. Likinuka bahari, sawa. Likinuka mayai viza, lihesabu na makavu.

Uliza kama tangi lile liliwahi kutiwa dawa ya shaba. Jiwe hushika shaba na kuiachia polepole, na kiasi ambacho samaki anakistahimili kinaua kamba, konokono na matumbawe. Muuzaji akianza kuzungukazunguka, mwachie mawe yake.

Usichemshe mawe, wala usiyatie kwenye oveni. Zoanthidi, viumbe wa jamii ya matumbawe wanaoota juu ya mawe, hasa Palythoa, wanaweza kuwa na palitoksini, sumu kali, na mvuke wake unaingia mapafuni. Machi 2018, kijijini Steventon, Uingereza, familia ilifikishwa hospitalini kwa sumu ya matumbawe ya tangi la nyumbani, na wazima moto waliokwenda kuwasaidia nao wakaishia hukohuko. Sugua mawe nje, ukiwa na glavu na miwani, na yawe yamelowa ili vumbi lisiruke.

Baada ya kusugua, loweka kwenye jiki isiyo na manukato, sehemu 1 kwa maji sehemu 10, kwa saa 24 au zaidi. Suuza, loweka tena kwenye maji yenye dawa ya kuondoa klorini, kisha anika hadi harufu iishe kabisa. Hapo unaua Aiptasia, kianemoni kinachozaliana kutokana na kipande kidogo tu cha mwili wake.

Sasa fosfati, mbolea ya mwani, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Jiki inaondoa nyama, haiondoi fosfati. Jiwe ni chokaa, na chokaa hukamata fosfati ya chakula cha miaka yote. Ukibadilisha maji kipimo kinashuka. Siku chache baadaye jiwe linaachia nyingine na kipimo kinarudi palepale. Tangi likiwa na taa mambo yanafichika zaidi, kwa sababu mwani unaila fosfati inapotoka tu. Kipimo kinasoma 0.00 huku nywele za kijani zinarefuka juu ya jiwe lenyewe. Mwenye tangi anaamini kipimo, anapunguza chakula, anailaumu taa, ananunua konokono, na chanzo kimekaa katikati ya kioo kinamtazama.

Kwa hiyo pima gizani, kabla ya tangi. Chukua pipa la plastiki lenye mfuniko, maji ya RO/DI (yaliyochujwa hadi yakabaki karibu matupu) yaliyotiwa chumvi hadi uzito wa 1.025 kwenye kipimo cha chumvi, hita kwenye nyuzi 25 au 26, na pampu yenye nguvu. Tenga wiki 4 hadi 8. Pima fosfati kila wiki. Ikishatulia, badilisha maji yote na uache siku 7: ikibaki chini ya 0.1 mg/l, jiwe limeiva. Ikipanda, dondoshea kloridi ya lanthani, kemikali inayokamata fosfati, kidogokidogo, humohumo pipani, na uchuje ule weupe unaojitokeza kwa mfuko wa maikroni 10. Usifanye kazi hiyo kwenye tangi lenye samaki.

Wengine hutumia asidi ya haidrokloriki kula tabaka la juu. Inafaa, ila asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, si maji kwenye asidi, na isikutane na jiki hata kwa mabaki ya ndooni: itatoka gesi ya klorini.

Bakteria ni wa kuanza upya. Tia amonia, chakula chao, hadi 2 mg/l. Ikiisha ndani ya saa 24 na nitriti, ambayo amonia hugeuka kwanza, nayo ikasoma sifuri, ingiza samaki mmoja au wawili, si kumi. Panga mawe juu ya sakafu ya tangi kabla ya mchanga, maana samaki wachimbaji huyaangusha. Usiongezee jiwe la kuokota ufukweni: matumbawe magumu yamo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Nyaya za hita na pampu zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, watoto wakae mbali na pipa, na ndoo ya jiki isirudi jikoni.