Kuhama mkoa na watoto wadogo: anzeni na maji, kodi baadaye

Tumehama mara mbili. Mwaka 2016 tulitoka Tabata, Dar es Salaam, kwenda Arusha tukiwa na mtoto mmoja wa mwaka na nusu. Mwaka 2020 tukatoka Arusha kwenda Dodoma tukiwa na watatu, magodoro juu ya Fuso na kuku wawili ambao baba watoto aligoma kuwaacha. Mara ya kwanza tuliangalia mshahara na baridi. Mara ya pili tuliangalia bomba, zahanati na nani atabaki na mtoto mimi nikiwa kazini. Ninayoandika hapa nimeyajua kati ya hizo safari mbili, mengine kwa gharama.

Hatua ya 1: Andikeni kinachowafukuza

Kila mmoja aandike kwake, bila kuchunguliana. Mimi niliandika foleni ya Ubungo. Mwenzangu akaandika mama mwenye nyumba. Sasa kama tatizo ni mwenye nyumba, hilo halihitaji mkoa mwingine. Hamieni mtaa wa pili, muokoe hela ya Fuso.

Hatua ya 2: Kipato

Mtumishi wa umma, ombi la uhamisho siku hizi linapita kwenye ESS, mfumo wa watumishi wa mtandaoni, na ukihama kwa kuomba mwenyewe usihesabu posho. Wa sekta binafsi, barua ya ajira iwe mkononi kabla kabati halijauzwa. Haya mnayajua, tusonge.

Hatua ya 3: Maji

Hapa naomba tukae.

Wiki ya kwanza Arusha jirani alikuja kutukaribisha na watoto wake, wazuri, wachangamfu. Mkubwa alipocheka nikaona meno yake ya mbele yana mistari ya kahawia, kama mtu aliyekunywa chai ya rangi miaka hamsini. Nikadhani hapigi mswaki. Mama yake akaniwahi: "Ni maji, dada. Na wako uangalie."

Ni floraidi. Maji ya miteremko ya Mlima Meru hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba madini hayo. Kidogo hulinda meno, kingi huyaharibu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na viko visima na mito ya Arumeru inayopita hapo mara kadhaa. Eneo la Maji ya Chai ni mfano unaojulikana. Anayeumia ni mtoto hasa, kwa sababu meno ya utu uzima hujengwa ndani ya fizi tangu uchanga hadi karibu miaka minane. Mtu mzima ukihamia leo, meno yako hayabadiliki rangi. Ya mtoto wa mwaka mmoja yanatengenezwa sasa hivi, kwa maji unayompa. Kiwango kikiwa kikubwa sana kwa miaka mingi, hata mifupa ya miguu hupinda.

Msiifute Arusha kwa sababu hiyo. Mradi mkubwa wa maji umeleta maji bora zaidi kutoka visima vya upande wa Hai, na mtaa na mtaa hutofautiana. Lakini swali la "maji yapo?" halitoshi. Ulizeni yanatoka chanzo gani, yalipimwa lini, na mkitumia kisima cha mwenye nyumba, chukueni chupa mkapimishe wenyewe. Angalieni pia meno ya watoto waliozaliwa mtaa huo, hasa wa kuanzia miaka minane au tisa. Kipimo cha bure hicho. Mikoa ya Singida na Shinyanga nayo ina maeneo ya namna hii.

Dodoma shida yetu ilikuwa nyingine. Maji yana chumvichumvi: sabuni haitoi povu, birika hujenga ukoko mweupe ndani ya miezi miwili. Hilo mnazoea. Lililotuumiza ni mgao. Dalali alifungua bomba mbele yetu, maji yakatoka kwa kishindo, tukalipa. Tuliangukia siku ya zamu. Baada ya hapo yalikuja mara moja kwa wiki, usiku, na nyumba haikuwa na tangi. Nikawa mama wa madumu: la kufulia, la kupikia, la chooni. Kwa mtoto wa nepi hiyo ni adhabu. Siku hizi nikiangalia nyumba siulizi mwenye nyumba wala dalali. Namuuliza dada anayefua jirani: "Maji yanatoka siku gani?" Akianza kucheka, naondoka.

Hatua ya 4: Homa na kliniki

Kila mji una ugonjwa wake. Ukanda wa Ziwa malaria ni nyingi kuliko nyanda za juu, na mtoto aliyekulia Arusha au Mbeya mwili wake haujazoea. Homa ya kwanza msiisubirie asubuhi. Mwanza kuna kichocho ziwani. Dodoma ni vumbi, na mwenye pumu atakuambia kabla hujamaliza kupanga vyombo.

Kisha jiulizeni: mtoto akipata degedege saa nane usiku, mnafika hospitali kwa chombo gani na dakika ngapi? Hospitali kubwa iliyopo mjini si jibu kama nyumba yenu iko mahali ambapo bajaji hazifiki baada ya saa tatu.

Kadi ya kliniki isiende kwenye Fuso. Iwe kwenye pochi ya mama. Yangu ilikaa chini ya masufuria siku kumi na moja, mtoto ana miezi tisa, chanjo ya surua inasubiri.

Hatua ya 5: Nani atabaki na mtoto

Hii watu huikumbuka wakiwa wameshahama. Tabata tulikuwa dakika kumi kutoka kwa mama yangu. Homa, kikao, msiba, mtoto alikuwa kwa bibi. Arusha hatukuwa na mtu. Dada tuliyekuja naye kutoka Dar alivumilia baridi ya Juni, Julai akaomba nauli. Wiki tatu tulipokezana, mimi nusu siku, baba watoto nusu siku, mpaka bosi wake akamuita.

Bibi ana thamani ya fedha. Muhesabuni. Kodi ikishuka kwa laki moja lakini mnaajiri dada na kulipa kituo cha kulelea watoto mchana, mmepata nini? Na kituo chenyewe kiwe kimesajiliwa. Ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii, kisha nendeni saa nne asubuhi bila taarifa, msimame mlangoni, msikilize. Kilio cha watoto ni kawaida. Ukimya ndio ulinifanya niondoke kwenye kimoja.

Hatua ya 6: Nendeni mkakae, tena msimu mbaya

Wiki moja, siku za kazi. Dodoma nendeni Septemba au Oktoba, upepo na vumbi, mvua bado mpaka Desemba. Arusha nendeni Julai. Tanga na pwani yote, Februari, feni ikizungusha hewa ya moto. Mji ukiupenda katika hali hiyo, umeupenda.

Siku moja amkeni saa kumi na moja na nusu, mwigize maisha: tokeni kwenye mtaa mnaoutaka, nendeni hadi shule mnayoitaka, kisha kazini. Pandeni daladala, si gari la mwenyeji. Dodoma kwa mfano, mtu wa ofisi za serikali Mtumba akipanga upande wa pili wa mji kwa sababu nyumba ni nzuri, ataikuta Dodoma foleni ile ile aliyoikimbia Dar.

Hatua ya 7: Nyumba

Msilipe mwaka. Hata mkipunguziwa. Miezi mitatu, ikishindikana sita, kwa mkataba wa maandishi. LUKU, yaani mita ya umeme, iwe yenu peke yenu, msichangie na vyumba vya uani. Na mkishahamia nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa mjitambulishe. Barua yake mtaihitaji kwa mambo mengi, na ni vizuri ajue sura zenu kabla ya shida.

Hatua ya 8: Shule

Hameni Desemba mwaka wa masomo unapoisha. Mtoto wa darasa la nne au la saba msimguse katikati ya mwaka kama mnaweza. Ameshasajiliwa kwa mtihani wa taifa kwenye shule yake, na kumhamisha ni kuanza safari za ofisi hadi ofisi.

Maswali ya wanakikundi

*Kutoka Kinyerezi: Mume wangu kapelekwa Dodoma, mimi nina duka Kariakoo na watoto wa miaka miwili na mitano. Atangulie?*

Atangulie, ila mpange tarehe ya mwisho. Treni ya SGR, ile ya umeme, imesaidia tangu Julai 2024, chini ya saa nne mmeshaonana. Lakini piga hesabu: nauli ya SGR ya kawaida ni 31,000, kwenda na kurudi 62,000, kila wiki ni kama 248,000 kwa mwezi. Hicho ni chumba na sebule. Kwetu ilikuwa miezi mitatu, mtoto wetu wa pili akaanza kumwita baba yake "anko". Duka usilifunge, mtafute wa kumwachia, ulipime kwa miezi hiyo hiyo.

*Kutoka Usa River: Nachemsha maji kila siku na nina chujio la mshumaa. Si inatosha?*

Kwa kuhara na taifodi, ndiyo, endelea. Kwa floraidi hapana. Ukichemsha, maji yanapungua kwa mvuke na floraidi inabaki pale pale, maana yake imekolea zaidi. Mshumaa nao hauikamati. Kinachoikamata ni chujio la mkaa wa mifupa, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapo karibu yako, kimeufanyia kazi miaka mingi, au mashine zile za kusukuma maji kwenye utando mwembamba. Mkaa huo huchoka, ubadilishwe. Maji ya mvua yaliyovunwa vizuri ni rafiki yako pia. Kama fedha ni kidogo, anza na maji ya mtoto tu: ya kunywa, uji na maziwa ya kopo. Ya kufulia acha. Na magadi kwenye maharage punguza, yana floraidi pia.

*Kutoka Kahama: Tunahamia Mwanza, watoto wanataka kuogelea ziwani.*

Ufukweni kwenye majani na konokono, hapana. Kichocho huingia kupitia ngozi, mtoto hahitaji kunywa maji. Wakishaingia, maana wataingia, waangalie choo kikubwa, si mkojo tu, na wapelekwe wakapimwe badala ya kununua dawa dukani kwa kukisia.

*Kutoka Muscat: Tunarudi nyumbani, tunafikiria Tanga. Watoto wa darasa la pili na la nne, Kiswahili wanaongea, kukisoma hawajui.*

Karibuni nyumbani. Tanga kwa watoto naipenda: mji tulivu, barabara zimenyooka, baiskeli zinaheshimiwa, chuo cha Kurani hakiko mbali na mlango. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili na sekondari ni Kiingereza, kwa hiyo msiwatupe moja kwa moja. Wa darasa la pili atashika Kiswahili cha kusoma ndani ya mihula miwili, jirani atamfundisha kuliko mwalimu. Wa darasa la nne ana mtihani wa taifa mwaka huo huo. Yeye mtafutieni shule ya Kiingereza, hata kama wataachana shule na mdogo wake kwa muda. Na joto mnalijua, hilo siwafundishi.

*Kutoka Kihonda: Dada, Morogoro umeiruka kabisa!*

Nimeiruka makusudi, kaka. Matunda rahisi, milima ya Uluguru mlangoni, Dar karibu kwa treni. Nikiisifia hapa kodi zitapanda, na mdogo wangu bado anatafuta nyumba Bigwa. Ukisikia ya vyumba vitatu yenye tangi, niambie pembeni.