Jinsi ya kusoma ongezeko la watu Texas bila kujichanganya, hatua kwa hatua

Kila mwisho wa mwaka Idara ya Sensa ya Marekani inatoa makadirio mapya ya majimbo, na kila mara naona watu wanapost "Texas imeongeza watu laki kadhaa" alafu basi, hawasemi hao watu wametokea wapi. Mi hizi data ndo kazi yangu ya kila siku kwahiyo ngoja nikuoneshe navyofanya mwenyewe. Unahitaji kompyuta, intaneti na programu yoyote ya majedwali, hesabu zenyewe ni kujumlisha na kutoa tu.

Hatua ya 1: jua unashika namba gani

Kuna sensa na kuna makadirio. Sensa inahesabu watu kila baada ya miaka 10: Texas mwaka 2010 ilikuwa na watu 25,145,561, mwaka 2020 wakawa 29,145,505, yaani karibu milioni 4 wameongezeka, asilimia 15.9, ndo maana jimbo likapata viti viwili zaidi kwenye Bunge la Wawakilishi la Marekani, kutoka 36 hadi 38. Makadirio yanatoka kila mwaka na yanasoma hali ya tarehe 1 Julai. Pakua faili la makadirio ya majimbo kwenye tovuti ya Idara, chukua lile lenye kolamu zote, sio lile fupi.

Hatua ya 2: usichanganye matoleo (hapa ndo wengi wanaanguka)

Hata mi nilianguka. Niliwahi kuandaa ripoti nikachukua namba ya mwaka huu kwenye faili jipya na ya mwaka jana kwenye faili la zamani nililokuwa nalo kwenye kompyuta, nikatoa, nikapata ongezeko la ajabu na nikalituma hivyohivyo, aibu yake mpaka leo naikumbuka.

Angalia mwenyewe. Toleo la 2023 (yaani faili la makadirio ya mwaka huo) linasema Julai 2023 Texas ilikuwa na watu 30,503,301. Toleo la 2024 linasema Julai 2024 ni 31,290,831. Ukitoa unapata 787,530, na ni makosa! Kwa sababu lile toleo la 2024 limerudi nyuma likarekebisha hata mwaka 2023, humo unasomeka 30,727,890, kwahiyo ongezeko lenyewe ni 562,941. Tofauti ni zaidi ya laki mbili na hakuna hata mtu mmoja aliyehama, ni Idara imebadilisha namna ya kukadiria wanaoingia kutoka nje ya nchi, hasa waliopokelewa kwa sababu za kibinadamu. Kila toleo jipya linaandika upya miaka yote tangu sensa ya mwisho. Ukipakua jipya, la zamani lifute au liweke mbali kabisa.

Hatua ya 3: gawanya kwa milango mitatu

Watu wanaongezeka kwa njia tatu tu: waliozaliwa toa waliofariki, waliohamia kutoka majimbo mengine ya Marekani toa waliohamia huko, na walioingia kutoka nje ya nchi toa walioenda nje. Kila mlango una kolamu yake. Mfano wa Julai 2021 hadi Julai 2022, toleo la 2022: ongezeko lote 470,708. Wa majimbo mengine 230,961, wa nje ya nchi 118,614, ongezeko la asili 118,159. Kwa haraka ni nusu, robo na robo. Ukijumlisha utaona zinapungua 2,974, usishtuke, hayo ni mabaki yasiyowekwa kwenye mlango wowote, yana kolamu yake.

Kumbuka hizo za uhamiaji ni walioingia toa waliotoka, sio idadi ya waliofika. Mwaka 2022 uchunguzi wa kaya ulikadiria watu 102,442 walitoka California kuja Texas, lakini zaidi ya 40,000 walienda upande wa pili, na hao hakuna anayewapost.

Hatua ya 4: shuka kwenye kaunti

Texas ina kaunti 254 na kati ya 2010 na 2020 kaunti 143 zilipungua watu. Ndio, kwenye jimbo linalokua hivyo. Weka asilimia na idadi pembeni kwa pembeni: Hays, kati ya Austin na San Antonio, iliruka asilimia 53 lakini hao ni watu 83,960. Harris, yenye Houston, asilimia 15.6 tu, na ni watu 638,686. Loving ilitoka watu 82 ikabaki na 64, hapo asilimia haina maana yoyote.

Hatua ya 5: uliza ni akina nani

Katika ile milioni 4 ya muongo, Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini) ni 1,980,796, Wazungu wasio Walatino 187,252. Makadirio ya Julai 2022 Walatino wakawapita hao Wazungu, asilimia 40.2 kwa 39.8 ya watu wote wa jimbo. Usikimbilie kusema wote wamevuka mpaka, Walatino wengi wa Texas wamezaliwa Marekani, na kwa vile umri wao wa kati ni mdogo wanazaa zaidi, kwahiyo sehemu yao inaingilia mlango wa kwanza, wa kuzaliwa. Alafu Ulatino kwenye sensa ya 2020 uliulizwa swali lake peke yake mbali na rangi, Mlatino anahesabiwa pia kwenye rangi yake, ukivijumlisha utapita asilimia 100.

Hatua ya 6: andika tahadhari chini ya jedwali

Idara yenyewe ilikagua sensa ya 2020 ikakuta watu wa Texas walihesabiwa pungufu kwa asilimia 1.92. Hao ni kama laki tano na nusu, karibu sawa na lile ongezeko la mwaka mzima la hatua ya 2.